Natafuta gari lenye nambari 293 (uzi wa nambari tasa zinazokatwa mkia)

KondaMstaafu, Nakuru

Wadau, habari za jioni. Naomba mniazime macho. Natafuta gari, pikipiki, tuktuk, hata lori, yenye nambari 293. Herufi sijali, ziwe zozote, mradi tarakimu tatu za katikati ziwe 293. Si chombo cha wizi na simdai mtu, kwa hivyo msianze kuniuliza habari za polisi.

Sababu ni ndefu kidogo. Nilikuwa konda miaka tisa njia ya Nakuru–Kisumu, na anayeijua njia hiyo anajua foleni ya malori kuanzia Salgaa hadi Mau Summit. Nauli ukishakusanya, huna kazi tena. Wenzangu walitafuna muguka, mimi nikawa nasoma namba za malori. Nilianza na zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 101, 103, 107. Hisabati tulifundishwa kwa Kizungu, kwa hivyo nilikuwa mtu mzima tayari nilipokuta kwenye kamusi kwamba Kiswahili kinaziita nambari tasa. Nilicheka peke yangu dukani.

Siku moja tulikuwa nyuma ya lori la mahindi. Tope lilikuwa limefunika tarakimu ya mwisho, nikawa naona 73. Hiyo ni tasa. Lori likapiga tuta, tope likabanduka, kumbe ni 739. Tasa vilevile! Nikafumba jicho moja, nikafunika zote kwa kidole gumba isipokuwa ya kwanza: 7. Tasa. Yaani unaikata mkia, inabaki tasa, unaikata tena, bado tasa.

Jioni hiyo Kisumu nikakaa na daftari la mahesabu ya gari nikazitafuta zote za tarakimu tatu zenye tabia hiyo. Ziko 14 tu:

233, 239, 293, 311, 313, 317, 373, 379, 593, 599, 719, 733, 739, 797

Kumi na tatu nimeziona kwa macho yangu na tarehe nimeandika. Ya kumi na tatu ilikuwa 719, ambulensi, Kericho, na mvua inanyesha. Mwaka wa nne huu 293 inanikwepa.

Jakisumo, Kondele

Ukiiona unapewa nini?

KondaMstaafu, Nakuru

Soda. Najinunulia mwenyewe.

FunditaSimu, Mumias

Mzee umeruka moja. 533. 5 ni tasa, 53 ni tasa, na 533 nimeigawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, imekataa kote. Kwa hivyo ziko 15.

ChakiNyeupe, Kakamega

Ungepiga hatua moja mbele ungekutana na 13. 13 × 41 = 533. Usione haya, hapo wameanguka wengi, na wakivuka hapo huangukia 713, ambayo ni 23 × 31.

Konda yuko sawa. 53 haina mrithi. Ukiibandika 1 unapata 531, tarakimu zake zinajumlika kuwa 9, inagawika kwa 3. Ukiibandika 7 unapata 537, jumla 15, vilevile. 3 tumeshaiona. 9 inakupa 539, ambayo ni 7 × 77. Mlango umefungwa pande zote.

Nimefundisha hesabu miaka mingi na mchezo huu naupenda, kwa hivyo niruhusuni nitandaze mkeka. Chora kama mti wa ukoo. Mababu ni wanne: 2, 3, 5, 7. Kila mmoja anazaa kwa kubandikwa tarakimu moja kulia. Tarakimu zenyewe ni 1, 3, 7 na 9 peke yake, maana nambari ndefu ikiishia kwa shufwa inagawika kwa 2, na ikiishia kwa 5 inagawika kwa 5. Kizazi cha pili wako 9: 23, 29, 31, 37, 53, 59, 71, 73, 79. Cha tatu ni hao 14 wa Konda. Cha nne 16, cha tano 15, halafu ukoo unaanza kupukutika: 12, 8, 5. Kizazi cha nane ndicho cha mwisho. Jumla ya ukoo mzima tangu dunia iumbwe ni 83, na hakuna atakayeongezeka.

Mkubwa wao ni 73939133. Chukua kikokotoo uikate mkia polepole: 7393913, 739391, 73939, 7393, 739, 73, 7. Lori lako la mahindi, Konda, lilikuwa mjukuu njiani kuelekea huko.

KondaMstaafu, Nakuru

Mwalimu!! Nane tu? Nilidhani zinaendelea bila kikomo, kazi ni kutafuta. Kwa hivyo 53 ni tasa kwa jina na tasa kwa uzazi. Hata hao watano wa mwisho wote ni hivyo hivyo. Lugha yetu ilijua mapema.

NasimiyuWaWebuye

Nimekuwa nasoma kimya lakini hapo nimekwama. Mnacheka na hilo neno kirahisi sana. Mama yangu mdogo alirudishwa nyumbani kwa hilo neno, na ng'ombe wakadaiwa. Mpaka leo akisikia mtu akilisema hata kwa mbuzi, anaondoka. Hesabu endeleeni nayo, ila jueni kuna watu neno hilo lina meno.

KondaMstaafu, Nakuru

Dada, pole. Sikulifikiria upande huo. Kamusi ndiyo iliyonipa, nami nikalichukua kama jina tu. 53 naiondolea utani.

NasimiyuWaWebuye

Asante. Wala sikusema mwache mchezo. Mwalimu, swali: kwa nini ukoo unakufa? Tasa zenyewe haziishi, hilo najua toka shule. Mbona hizi zinaishia nane?

ChakiNyeupe, Kakamega

Swali zuri kuliko yote ya leo. Sehemu ya jibu ni kwamba tasa huzidi kuwa adimu kadiri nambari zinavyokua. Karibu na 100, katika nambari kumi unatarajia tasa mbili hivi. Karibu na milioni mia moja, katika kumi na nane unatarajia moja. Watoto wanne wa kubandika, na kila kizazi nafasi ya mtoto kupona inapungua. Lakini kuna jingine wengi hawalioni, na ndilo tamu.

Chukua nambari yoyote katika mti huu, jumlisha tarakimu zake, gawanya kwa 3, uangalie salio. Salio likiwa 2, kumbandika 1 au 7 ni kumuua, kwa sababu 1 na 7 zote zina salio 1, na 2 na 1 ni 3. Zinabaki 3 na 9, ambazo hazibadilishi salio hata kidogo. Kwa hivyo aliyeingia kwenye salio 2 hatoki tena, yeye na uzao wake wote wataishi kwa 3 na 9 peke yake. Wanne wanaowezekana wamekuwa wawili.

Babu 2 na babu 5 wamezaliwa humo humo kwenye salio 2. Babu 7 ana salio 1, kwa hivyo ukoo wake unaruhusiwa kutumia 1 au 7 mara moja tu, halafu mlango unafungwa. Babu 3 ana salio sifuri: lazima aanze na 1 au 7 (33 na 39 hazifai), kisha anabakiwa na ruhusa moja nyingine kama ya 7.

Sasa watazameni wale watano wa kizazi cha nane:

23399339
29399999
37337999
59393339
73939133

Aliyeanza na 2 na aliyeanza na 5: baada ya tarakimu ya kwanza ni 3 na 9 mwanzo mpaka mwisho. Aliyeanza na 7 ametumia 1 mara moja, karibu na mkia. Aliyeanza na 3 ametumia 7 mara mbili. Hakuna aliyevunja sheria, na hawangeweza.

Jakisumo, Kondele

Nimeisoma mara tatu nikiwa kwenye foleni ya maji. Ya tatu ndiyo imeingia. Mwalimu wewe ungenifundisha mimi ningekuwa mbali.

FunditaSimu, Mumias

533 bado inaniuma, lakini twende. Nimeandika programu fupi kwenye simu, ikanipa 83 kama alivyosema Mwalimu. Halafu nikageuza: badala ya kukata mkia, kata kichwa. Mfano 317: ondoa 3 inabaki 17, ondoa 1 inabaki 7. Nimekataza sifuri, la sivyo mtu anajificha nyuma ya sifuri nyingi. Nilidhani itakuwa karibu na 83 vilevile. Wapi! 4,260. Na kubwa kuliko zote ina tarakimu 24:

357686312646216567629137

Mbona tofauti kubwa hivi?

ChakiNyeupe, Kakamega

Kwa sababu ukibandika mbele, tarakimu ya mwisho haiguswi. Ikishakuwa 3 au 7, hofu ya 2 na 5 imekwisha, na mbele unaweza kuweka chochote kuanzia 1 hadi 9. Watoto tisa badala ya wanne. Ukoo unakwenda mbali kabla ya kuchoka.

Zinazostahimili pande zote mbili, kichwa na mkia, ziko 15, na kubwa yao ni 739397. Katika orodha ya Konda wamo wanne: 313, 317, 373 na 797.

KondaMstaafu, Nakuru

797 ilikuwa basi la shule! Nimeangalia daftari sasa hivi.

Mhandisi_Milimani, Nakuru

Samahani kuwamwagia maji. Haya yote si habari za nambari tasa, ni habari za vidole vyetu kumi. Tarakimu ni namna ya kuandika tu. Tungehesabu kwa nane au kwa kumi na mbili, 73939133 ingekuwa nambari ya kawaida isiyo na hadithi. Yule mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy aliliandika hilo mwaka 1940. Alitoa mfano wa 8712 na 9801, ambazo ni nambari pekee za tarakimu nne zinazogawika kwa nambari unayopata ukizigeuza nyuma mbele, ukiacha zinazosomeka sawa pande zote na zinazoishia kwa sifuri (8712 ni mara nne ya 2178, 9801 ni mara tisa ya 1089), akasema mambo ya aina hiyo yanafaa kurasa za mafumbo magazetini, mwanahisabati hayamgusi. Mimi niko upande wake.

Jakisumo, Kondele

Kurasa za mafumbo ndizo mimi nasoma kwanza. Za siasa nafungia omena.

ChakiNyeupe, Kakamega

Mhandisi, kwamba 73939133 ni bahati ya kumi, nakubali. Lakini usimfanye Hardy aseme kwamba tarakimu za tasa ni mzaha. Mwaka 1968 Mrusi Gelfond aliacha swali: ukijumlisha tarakimu za kila tasa, je, jumla za shufwa na jumla za witiri (zisizogawika kwa 2) zinakaribia kulingana kwa wingi? Swali la mtoto wa darasa la sita. Lilijibiwa 2010, na Wafaransa wawili, Mauduit na Rivat: ndiyo, zinagawana nusu kwa nusu kadiri unavyokwenda mbali. Miaka arobaini na mbili.

Halafu jiulize hili: ukipiga marufuku tarakimu moja, tuseme 7, je, tasa ambazo hazina 7 popote zinaisha? Nambari ndefu zisizo na 7 ni chache mno. Ukichukua nambari ya tarakimu mia kwa kubahatisha, karibu hakika utaikuta 7 ndani. James Maynard wa Oxford alithibitisha kwamba hata hivyo haziishi, na si 7 peke yake, tarakimu yoyote utakayoichagua. Kazi hiyo ilichapishwa 2019, na 2022 alipewa nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, kwa kazi hiyo pamoja na nyingine. Huyo si mtu wa kurasa za mafumbo.

Mhandisi_Milimani, Nakuru

Hiyo ya Maynard sikuijua. Naondoa nusu ya niliyosema. Nusu ya vidole inabaki.

Jakisumo, Kondele

Kwa habari ya vidole. Sisi Wajaluo tuna mkono mmoja uliofichwa ndani ya kumi. Achiel ni moja, ariyo ni mbili, abich ni tano. Sasa sikiliza sita: auchiel. Saba: abiriyo. Achiel imo ndani ya auchiel, ariyo imo ndani ya abiriyo. Kama vile mtu alimaliza mkono mmoja akaanza upya. Kwa hivyo Mhandisi kama ni vidole, tuhesabu kwa tano tuone ukoo wa Konda utakuwaje.

FunditaSimu, Mumias

Nipe dakika kumi niandike programu.

NasimiyuWaWebuye

Usiandike. Huku stima zimepotea, nina mshumaa na karatasi. Niacheni nifanye kwa mkono.

NasimiyuWaWebuye

Nimemaliza. Ilichukua saa moja na robo, na mtoto aliamka mara mbili.

Kwa kumi, kubandika tarakimu ni kuzidisha kwa 10 kisha kuongeza. Kwa tano ni kuzidisha kwa 5 kisha kuongeza kitu kuanzia 0 hadi 4. Nambari nawaandikia kwa mtindo wetu wa kawaida ili msichanganyikiwe. Mababu ni wawili tu, 2 na 3, kwa sababu 5 yenyewe tayari ni tarakimu mbili.

2 inazaa 11 na 13. 3 inazaa 17 na 19.

11 inazaa 59, na 59 inaishia hapo. Nilidhani 299 itapona, kumbe 13 × 23.
13 inazaa 67, inazaa 337, mwisho. 1687 ni 7 × 241.
17 inazaa 89, inazaa 449, mwisho. 2249 ni 13 × 173, hiyo ilinila muda.
19 inazaa 97, inazaa 487, inazaa 2437. 2437 niliigawa kwa kila tasa hadi 47, haikukubali. Watoto wake: 12187 ni 7 × 1741, na 12189 inagawika kwa 3.

Hesabuni: 2, 4, 4, 3, 1. Ukoo mzima ni 14.

KondaMstaafu, Nakuru

14! Kama magari yangu!

NasimiyuWaWebuye

Bahati tu, Konda, usianze dini.

ChakiNyeupe, Kakamega

Nimeipitia mstari kwa mstari. Iko sawa kabisa. Na 2437 ukiiandika kwa tano inakuwa 34222. Ikate mkia: 3422, 342, 34, 3. Zote tasa, kwa mtindo wetu wa kawaida ni 487, 97, 19, 3. Tazameni pia ule mkia wa 2, 2, 2. Jaribuni kutafuta kwa nini, nitarudi kesho.

Konda, jambo moja ambalo huenda hulijui. Orodha yako ina nambari yake ya kitambulisho. Kuna mzaliwa wa Wales aliyehamia Marekani anaitwa Neil Sloane ambaye tangu 1964, akiwa bado mwanafunzi, amekuwa akikusanya mifuatano ya nambari, kwanza kwenye kadi, kisha vitabu viwili, kisha intaneti tangu 1996. Sasa imepita laki tatu. Tasa zenyewe ni A000040. Ukoo wako ni A024770. Andika 2, 3, 5, 7, 23, 29, 31, 37, 53 kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti yake, OEIS, na utaletewa wote 83.

KondaMstaafu, Nakuru

Nimeandika. Nimeletewa. Wadau nimekaa hapa dukani mbele ya simu kama mtu aliyekuta picha ya babu yake kwa jirani. Nilidhani ni mimi na lori la mahindi tu.

FunditaSimu, Mumias

Mimi 7393 nimeifanya PIN yangu. Nambari ya heshima.

Jakisumo, Kondele

Na umeitangaza hapa. Ibadilishe kabla sijapanga foleni kwa wakala.

Mhandisi_Milimani, Nakuru

Mwalimu, kuhusu ile mikia ya 2. Nimekaa nayo, nadhani ni hivi. Kwa tano, nambari ni shufwa au witiri kulingana na jumla ya tarakimu zake, kwa sababu 5 ni witiri na haigeuzi kitu. Nambari ikishakuwa witiri, kubandika 1 au 3 kunaifanya shufwa, inakufa. Zinabaki 0, 2 na 4, na 0 inafanya igawike kwa 5, hapana, samahani, inafanya iwe 5 mara nambari yenyewe, inakufa. Kwa hivyo ni 2 na 4 tu. Ile sheria yako ya 3 na 9, lakini kwa vazi jingine.

ChakiNyeupe, Kakamega

Ndiyo. Na kati ya 2 na 4, 3 ndiye anayechagua: salio la nambari kwa 3 linaua mmoja wao kila kizazi. Fuatisheni mti wa Nasimiyu, hakuna hata mmoja kuanzia 11 kwenda chini aliyezaa watoto wawili.

Wewe si uliondoka na Hardy?

Mhandisi_Milimani, Nakuru

Niko mlangoni.

NasimiyuWaWebuye

Konda, uko macho? Leo saa tano asubuhi nilikuwa steji Webuye, nimepakata mtoto, mkoba begani. Tuktuk ya bluu imejaza ndizi mpaka zinatoka mlangoni. Ilipogeuka nikaona nyuma. 293. Nilisoma mara mbili. Simu ilikuwa chini kabisa ya mkoba, chini ya nepi, na nilipoifikia tuktuk ilikuwa imeshaingia barabara ya Bungoma.

KondaMstaafu, Nakuru

Wacha. Kweli kabisa?

Wadau, akiona mtu mwingine inahesabika?

Jakisumo, Kondele

Haihesabiki. Daftari ni la macho yako.

ChakiNyeupe, Kakamega

Naunga mkono Kondele.

KondaMstaafu, Nakuru

Alhamisi kuna mzigo wa spea wa kwenda Bungoma. Nilikuwa nautuma kwa gari, sasa nitaupeleka mwenyewe. Dada, hiyo tuktuk hupatikana wapi?

NasimiyuWaWebuye

Inakolala sijui. Nimeulizia, dereva wake hunywa chai kwa mama wa mandazi hapo steji kabla hajaenda kuchukua ndizi. Saa kumi na mbili na nusu alfajiri uwe umeshafika.

KondaMstaafu, Nakuru

Nitalala Webuye Jumatano.